Msemaji na Shahidi

Hapana jamii ya watu iliyopata kuishi bila ya wasemaji. Katika kila mji, kila kambi na kila zama hutokea mtu akasimama mbele ya wenziwe akasema: "Nisikilizeni mimi, kwa kuwa mimi ndimi nijuaye." Pengine husema kweli. Pengine hujua nusu, na nusu ya pili huijaza kwa ukali wa sauti. Pengine hajui lolote, lakini ameona ya kuwa mwenye kujua huheshimiwa, naye aitaka heshima ile bila ya kuichumia. Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Neno lao ni kweli, lakini halitoshi. Maana si kila avumaye ni mtupu, wala si kila anyamazaye amejaa. Twahitaji mizani iliyo bora kuliko masikio.

Mizani hiyo yaweza kupatikana katika historia ya Garissa na nchi yote ya Kaskazini Mashariki ya Kenya. Nimeichagua nchi hii kwa sababu watu wake wamesemewa na wengi, na mara nyingi mno gharama ya neno lisilo kweli imelipwa na wao wenyewe, kwa mifugo yao na kwa roho zao.

Na tuanze na desturi ya wafugaji. Mji wa Garissa umesimama kando ya mto Tana. Lakini ukiuacha mto na kuelekea Wajir na Mandera, nchi ni kavu, na mvua yaweza kunyesha mahali pamoja na kupaacha pa jirani. Mfugaji wa ngamia akisikia kwamba kuna malisho mbali, hajengui nyumba yake na kuwahamisha watoto kwa sababu ya uvumi. Kwanza hutumwa watu wenye uzoefu kwenda kutazama. Kazi hii huitwa sahan kwa lugha ya Kisomali. Warudipo, wazee huketi nao na kuwauliza. Na ukiyatafakari maswali yafaayo kuulizwa mahali pale, utaona ni manne.

La kwanza: je, umeona kwa macho yako, au umeambiwa? Na kama umeambiwa, ni nani aliyekuambia? La pili: je, maneno yako yapatana na ya wenzio waliopita njia nyingine? La tatu: je, wakubali kuulizwa zaidi, juu ya kina cha kisima, aina ya majani, na watu uliowakuta huko? La nne, nalo ni zito kuliko yote: je, neno lako likiwa si kweli, ni nani atakayepata hasara? Mtafuta malisho hupimwa vizuri kwa swali hili, kwa kuwa ngamia zake mwenyewe watakwenda pamoja na wengine, na akidanganya atakufa kiu pamoja nao. Mtu wa namna hii ni shahidi. Yule asemaye mambo ambayo hakuyaona, asiyetaka kuulizwa, wala hatapungukiwa na kitu mambo yakiharibika, huyo ni msemaji tu.

Sasa tuyachukue maswali haya manne tukayapime katika mambo makubwa ya historia.

Wakati wa utawala wa Waingereza, nchi hii ilikuwa sehemu ya eneo kubwa lililoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Kufikia miaka ya mwisho ya ukoloni, eneo hilo lilikuwa na Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Tangu mwaka 1926 lilikuwa eneo lililofungwa: mgeni hakuingia wala mwenyeji hakutoka ila kwa ruhusa ya serikali. Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko yanavyoonekana kwa haraka. Watu wa Nairobi, Nyeri au Kisumu hawakuijua kaskazini, na watu wa kaskazini hawakuijua Kenya iliyosalia. Na mahali ambapo macho yamezuiwa kuona, ndipo ndimi huzidi kuwa nyingi.

Uhuru ulipokaribia, lilizuka swali zito: je, watu wa kaskazini wataka kubaki katika Kenya, au wataka kuungana na Jamhuri ya Somalia, iliyozaliwa Julai 1, 1960? Wasemaji walikuwa wengi. Chama cha Northern Province People's Progressive Party kilidai kujitenga. Chama cha Northern Province United Association kilitaka kubaki Kenya. Viongozi wa Nairobi walinena kwa niaba ya nchi ambayo wengi wao hawakuwa wameikanyaga, na viongozi wa Mogadishu nao walinena kwa niaba ya ndugu walio ng'ambo ya mpaka. Katika mkutano wa Lancaster House huko London, mwaka 1962, ujumbe wa kaskazini ulilifikisha jambo hili mbele ya serikali ya Uingereza, nayo ikaahidi kutuma tume kuchunguza maoni ya watu wenyewe.

Tume hiyo ilikuwa ya watu wawili: G. C. M. Onyiuke, mwanasheria wa Nijeria, na Meja Jenerali M. P. Bogert wa Kanada. Walifika katika miezi ya mwisho ya mwaka ule, wakazunguka wilaya kwa wilaya, wakahudhuria mikutano ya hadhara na kupokea wajumbe. Msomaji na aangalie jinsi walivyoitenda kazi yao. Hawakumshika mtu mmoja aliyejitangaza kuwa sauti ya kaskazini wakayaandika maneno yake kana kwamba ni ya wote. Walipambanua. Taarifa yao ya Desemba 1962 ilieleza ni wapi watu waliotaka kujiunga na Somalia, ni wapi waliotaka kubaki Kenya, na ni wapi maoni yaliyochanganyika. Ilisema wazi kwamba Wasomali, karibu wote, walitaka kujitenga, na kwamba wengi katika watu wasio Waislamu hawakutaka. Hivi ndivyo ushahidi unavyowekwa: kila neno hupewa mwenyewe.

Hata hivyo, kuujua ukweli ni jambo moja, na kuufuata ni jambo jingine. Machi 8, 1963, Duncan Sandys, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alitangaza kwamba sehemu zikaliwazo na Wasomali zitakuwa mkoa wa saba wa Kenya. Somalia ikavunja uhusiano wake na Uingereza mwezi ule ule. Mwezi wa Mei, Wasomali wengi wa mkoa huo mpya wakaususia uchaguzi. Sitaki hapa kuamua kama mpaka ulipaswa kuwekwa huku au kule. Wako wenye hekima waliosimama pande zote mbili, na hofu ya kuvunja mipaka ya Afrika haikuwa hofu ya kipuuzi. Nataka tu tuliulize swali la nne: ni nani aliyekuwa alipe gharama? Hakuwa waziri wa London. Ndipo tunapojifunza ya kuwa msikilizaji naye ana wajibu. Akiisha kuuliza na kujibiwa kweli, akigeuka na kulifunika jibu bila ya kuwaeleza waliojibu, amewafundisha kwamba kuulizwa hakuna maana.

Vita vilifuata. Desemba 1963, majuma machache tu baada ya uhuru, serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari katika mkoa huo, na mapigano yaliendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosuluhishwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Katika miaka hiyo maneno yalikuwa silaha kama bunduki. Redio Mogadishu ilipeperusha habari zake, na Sauti ya Kenya ikapeperusha zake. Mtu yule yule aliyeitwa mpigania uhuru upande mmoja aliitwa shifta upande wa pili. Na shifta ni neno la Kiamhari lenye maana ya mnyang'anyi. Aliyelikubali jina alikuwa amekwisha kuikubali hukumu kabla ya kusikia ushahidi.

Baina ya redio mbili alikuwako mfugaji. Yeye hakuwa na redio ya kusemea. Kuanzia mwaka 1966 serikali iliwakusanya watu wengi katika vijiji vya lazima, ambako mwendo wao na wa mifugo yao ulizuiwa, na makundi mengi ya ngamia na ng'ombe yakaangamia. Yeye ndiye aliyeona kwa macho, naye ndiye aliyepata hasara. Kwa mizani yetu, yeye ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza. Lakini hakuulizwa. Tena mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa mambo waliyoyatenda katika vita vile. Basi swali la tatu, lile la kukubali kuulizwa, lilifungiwa mlango kwa sheria.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa Wagalla. Februari 10, 1984, askari waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika wilaya ya Wajir, wakawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Ilisemwa kwamba shabaha ilikuwa kutwaa silaha. Watu wale waliwekwa juani kwa siku kadha bila ya chakula wala maji, wakateswa, na wengi wakauawa. Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir Magharibi, alilileta jambo hilo Bungeni mwaka ule ule. Jibu la serikali lilikuwa kwamba waliokufa ni 57.

Hesabu hii ilitoka katika kinywa chenye cheo, mahali penye heshima, nayo ilikuwa na sura ya kitu kilichohesabiwa. Namba kamili humtuliza msikilizaji. Humfanya adhani kwamba aliyeitaja alisimama akahesabu maiti mmoja baada ya mwingine. Walakini, tukiuliza maswali yetu, utulivu huo waondoka. Ni nani aliyehesabu? Je, hesabu yake ililinganishwa na ya wajane waliowakosa waume zao? Je, wenyeji waliweza kuipinga bila ya kuogopa, hali sheria za hatari ziliendelea kuutawala mkoa ule hadi mwaka 1991? Mwaka 2000 serikali yenyewe ilitaja Bungeni hesabu nyingine, watu 380. Kisha Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyowasikiliza mashahidi huko Garissa na Wajir mwaka 2011 na kutoa taarifa yake Mei 2013, iliikataa ile hesabu ya 57, ikaona kwamba waliokufa yamkini walikaribia 1,000. Ukweli ulichelewa kwa karibu miaka 30, nao haukuchelewa kwa kukosa mashahidi. Ulichelewa kwa sababu mashahidi walikuwa maskini, na msemaji alikuwa na cheo.

Wako pia watu wanaotaja hesabu kubwa mno kuliko hiyo, hata maelfu kadha. Mwanafunzi wa historia hana ruhusa ya kuipokea hesabu hiyo kwa sababu tu ya kumhurumia aitajaye. Uchungu wa msemaji haugeuzi makisio kuwa hesabu. Mizani ni ile ile kwa mwenye nguvu na kwa mnyonge; tena kumpima mnyonge kwa haki ndiko kumheshimu, maana ushahidi uliokwisha kupimwa haupeperushwi na upepo.

Hata tume yenyewe haikuepuka mizani. Mwenyekiti wake, Balozi Bethuel Kiplagat, alipingwa kwa kuwa alikuwa amehudhuria mkutano wa maofisa wa usalama huko Wajir siku mbili kabla ya mambo ya Wagalla. Yeye alishikilia kwamba operesheni ile haikuzungumzwa mbele yake. Alikaa kando mwaka 2010, kisha akarudi mwaka 2012. Hatuhitaji kumhukumu mtu ambaye amekwisha kufariki. Yatosha kuona kwamba waliolalamika waliuliza swali lililo halali: je, mtu aweza kuwa mwamuzi mahali ambapo yeye mwenyewe huenda akaitwa kuwa shahidi?

Katika nchi hiyo hiyo ya Wajir aliishi mtu aliyepata kuaminiwa kwa njia nyingine kabisa. Annalena Tonelli alikuwa Mtaliani aliyesomea sheria. Alifika Kenya mwaka 1969, akaja Wajir akiwa mwalimu. Hakuwa daktari, wala hakuwa wa kabila, dini au lugha ya watu wale. Kwa vyeo, hakuwa na haki ya kusema neno juu ya kifua kikuu. Lakini aliona kwamba wafugaji walipewa dawa, wakapata nafuu kidogo, wakahama na mifugo kabla ya kupona, na ugonjwa ukawarudia kwa ukali zaidi. Kuanzia mwaka 1976 alisimamia mpango wa kuwaweka wagonjwa katika manyata karibu na hospitali kwa miezi 6, wakimeza dawa mbele ya msimamizi mpaka matibabu yaishe. Watu walipona, na kila mtu aliweza kuwaona waliopona wakitembea. Siku za Wagalla alikwenda kuwaokota majeruhi na kuwazika wafu, hali kulikuwa na hatari kubwa. Mwaka 1985 alilazimika kuiacha Kenya. Aliendelea na kazi hiyo hiyo nchini Somalia, na Oktoba 5, 2003, aliuawa kwa risasi huko Borama. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo.

Katika miaka ya karibuni wametokea wasemaji wa namna nyingine, wanaodai kunena kwa niaba ya dini. Aprili 2, 2015, watu wa Al-Shabaab walikishambulia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Walijitangaza kuwa watetezi wa Waislamu. Ni nani aliyewapa uwakilishi huo? Masheikhe na wazee wa Garissa waliwakana hadharani. Mtu ambaye serikali ilimtaja kuwa mpangaji wa shambulio lile aliwahi kuwa mwalimu wa madrasa mjini humo. Basi hata jina hili zuri la mwalimu halitoshi kuwa dhamana.

Linganisha habari hiyo na ya mwalimu mwingine. Novemba 2014, karibu na Mandera, watu wenye silaha walikuwa wamelisimamisha basi, wakawachagua abiria 28 wasio Waislamu na kuwaua, miongoni mwao walimu. Desemba 21, 2015, basi jingine lilishambuliwa karibu na El Wak. Washambulizi wakataka tena Waislamu wajitenge na Wakristo. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Alitunukiwa nishani ya taifa baada ya kifo chake. Wale wenye bunduki walidai kuijua dini, na gharama ya madai yao wakaitwika wengine. Salah Farah hakudai kumsemea mtu yeyote, na gharama ya tendo lake aliilipa mwenyewe. Ukitaka kujua ni yupi kati yao aliyeyaeleza vema mafundisho ya dini yake, swali la nne lakutosha.

Ewe mwanafunzi, usidhani kwamba nakufundisha kutoamini chochote. Anayekataa kila neno ni mvivu sawasawa na anayepokea kila neno, maana wote wawili wamejiepusha na taabu ya kuuliza. Mfugaji asiyemwamini mtafuta malisho yeyote hufia mahali alipo. Wala usidhani kwamba kuuliza ni utovu wa adabu. Uliza kwa heshima, kwa sauti ya kijana mbele ya mzee. Mwenye kujua kweli hatachukizwa, kwa kuwa swali humpa nafasi ya kuonyesha akiba yake. Akasirikaye kabla ya kujibu amekwisha kukupa sehemu ya jibu.

Tena, yafaa umwulize kwa bidii zaidi yule anayekupendeza. Neno la adui twalipima bila ya kufundishwa. Neno la mtu wa ukoo wetu, wa chama chetu au wa dini yetu huingia nyumbani bila ya kupiga hodi, na ndilo liwezalo kutupoteza mbali zaidi. Ndiyo maana wahenga walituonya tusisafirie nyota ya mwenzetu.

Mwisho, itakuja siku utakapoulizwa wewe. Pengine utakuwa mwalimu, karani, mganga au mbunge, na watu watakuketisha mahali pa heshima na kungoja neno lako. Siku hiyo yaseme uliyoyaona. Na uliyoyasikia, mtaje uliyemsikia. Na ukifika mahali ambapo elimu yako imekoma, sema "sijui" kwa sauti ile ile uliyotumia kusema unayoyajua.